Nakala Kwanza, Bisibisi Baadaye: Somo la Kutunza na Kubadili Diski za Kompyuta

Utangulizi

Kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi cha mwalimu, kama zilivyo chaki na daftari la mahudhurio. Katika shule nyingi zilizouzunguka Mlima Meru, kuanzia Tengeru na Usa River upande wa mvua hadi Kisongo na Oldonyo Sambu upande wa ukavu, alama za majaribio, maandalio ya masomo na orodha za wanafunzi huandikwa katika kompyuta ya shule, au katika kompyuta mpakato ambayo mwalimu mwenyewe hurudi nayo nyumbani jioni. Aghalabu kompyuta hizo si mpya. Zimepitia mikono mingi kabla ya kumfikia mwalimu, na sehemu inayotangulia kuchoka ndani yake mara nyingi ni diski.

Kwa neno diski tunakusudia chombo kilicho ndani ya kompyuta ambacho hushika maandishi hata umeme ukizimwa. Mafundi wetu mjini Arusha hukiita hadi diski. Diski ikichoka, mashine huwa nzito, hukwama, kisha siku moja hukataa kuwaka. Hapo mwalimu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huitupa mashine ambayo ingeweza kufanya kazi miaka kadhaa tena kwa kubadilishiwa diski tu. Ama huipeleka kwa fundi, naye huirudisha ikiwa nzima na nyepesi, lakini tupu. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa. Mashine imepona, bali alama za mwaka mzima hazimo tena, na wanafunzi ndio watakaolipa.

Wanachuo tunaowafunza watapangiwa shule ambazo hazina fundi karibu. Kwa hiyo yafaa waondoke chuoni wakijua kuitunza diski na kuibadili wenyewe. Swali letu katika makala haya ni la njia: somo hili lifundishweje?

Hoja yetu

Twapenda kutetea jambo moja. Somo hili lisipangwe kwa kufuata orodha ya sehemu za mashine, wala kwa kufuata mlolongo wa hatua za kukariri. Lipangwe kwa kufuata tofauti iliyopo baina ya kosa linalorudishika na kosa lisilorudishika.

Skrubu iliyofungwa pasipo mahali pake hufunguliwa ikafungwa upya. Kebo iliyochomekwa nusu huchomolewa ikachomekwa vema. Diski isiyolingana na mashine hurudishwa dukani. Lakini diski iliyonakiliwa kinyumenyume, yaani ile tupu ikaandikwa juu ya ile iliyojaa, haina dawa. Mwanachuo aliyekariri hatua kumi bila kuijua tofauti hii atazipa hatua zote uzito mmoja. Ataogopa bisibisi, ambayo haina madhara makubwa, na atabofya kwa haraka pale panapotakiwa utulivu. Aidha, akikutana na mashine ya muundo mwingine, orodha aliyoikariri haitamfaa kitu. Bali mwenye kujua lipi halirudi ataweza kujitafutia njia.

Shabaha za somo

Baada ya vipindi vinne, kila mwanachuo aweze:
(a) kueleza namna diski ya kuzunguka na diski ya chipu zinavyofanya kazi;
(b) kutoa nakala rudufu za kazi zake na kuthibitisha kwamba zinafunguka;
(c) kuchagua diski inayolingana na mashine na kuibadili;
(d) kuitunza diski nyumbani, na kuifuta ya zamani kabla ya kuitoa mikononi mwake.

Zana

Zana za somo hazina gharama kubwa. Zatakiwa diski ya kuzunguka iliyokwisha kufa, ambayo mafundi wengi wanazo na hawazihitaji. Kompyuta mpakato kuukuu. Diski moja ya chipu. Kebo ya kuunganishia diski kwa nje kupitia tundu la USB. Bisibisi ndogo za nyota, pamoja na ile ya ncha ya pembe sita ifunguayo kifuniko cha diski. Sahani ya kuwekea skrubu. Na chaki za rangi mbili, nyeupe na nyekundu.

Kipindi cha kwanza: Diski hufanyaje kazi?

Mkufunzi aanze kwa kuifungua diski iliyokufa mbele ya darasa. Wanachuo wataona sahani inayong'aa kama kioo na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Wengi watasema inafanana na santuri. Mfano huo wafaa kuanzia, ila mkufunzi aurekebishe mara moja: sindano ya santuri hugusa, kichwa cha diski hakigusi. Sahani inapozunguka, hewa huvutwa pamoja nayo, na kichwa huelea juu ya hewa hiyo kwa kimo cha nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe moja ya lile vumbi jeusi la ardhi yetu ya volkano ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Hapa mwanachuo anaelewa mwenyewe, bila kuamriwa, kwa nini diski nzima haifunguliwi kamwe.

Kisha lifuate zoezi la hesabu. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ikiwa kipenyo cha sahani ni milimita 95, ukingo wake husafiri karibu mita 36 kwa sekunde, sawa na kilomita 129 hivi kwa saa. Darasa likadirie: kichwa kinachoelea juu ya kitu chenye mwendo huo kitapatwa na nini mashine ikipigwa kikumbo juu ya dawati?

Zoezi la tatu latokana na mlima wenyewe. Kwa kuwa kichwa hubebwa na hewa, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda, watengenezaji wengi huweka mpaka wa mita 3,048 kwa diski za kawaida zinazofanya kazi. Wanachuo wapewe vimo vitatu: mji wa Arusha, mita 1,400 hivi; kibanda cha Miriakamba katika njia ya kupandia Meru, mita 2,514; kibanda cha Saddle, mita 3,570. Ni wapi diski ya kuzunguka iko salama, na ni wapi kichwa chaweza kuigusa sahani? Tumeona kwamba swali hili huamsha darasa kuliko maelezo ya nusu saa, kwa maana mlima wanauona dirishani.

Mwisho wa kipindi ielezwe diski ya chipu. Hii haina kinachozunguka. Maandishi hushikwa kwa chaji za umeme ndani ya chipu. Diski ya kuzunguka ya mashine ya mezani husubiri kwa wastani nusu ya mzunguko, kiasi cha milisekunde 4, pamoja na muda wa mkono kusogea, kabla ya kusoma jambo lililo mahali pengine. Diski ya chipu husoma kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo sababu mashine kuukuu iliyobadilishiwa diski huonekana kama imezaliwa upya, ingawa hakuna kingine kilichobadilika ndani yake.

Kipindi cha pili: Nakala kabla ya bisibisi

Kipindi hiki ndicho moyo wa somo, wala mkufunzi asikubali kukiruka kwa sababu ya uchache wa muda. Hakuna kinachofunguliwa wala kubadilishwa kabla ya nakala rudufu kupatikana na kujaribiwa.

Kanuni ya kufundisha ni ya tarakimu tatu: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa mwalimu wa kijijini maana yake ni kwamba alama ziwe katika kompyuta, ziwe katika diski ya nje au flashi, na ziwe katika karatasi zilizochapwa na kutunzwa katika jengo jingine. Karatasi si aibu. Mwizi akiingia usiku katika nyumba ya mwalimu na kuchukua kompyuta pamoja na flashi iliyochomekwa ubavuni mwake, nakala hizo mbili zilikuwa sawa na moja.

Wanachuo wazoezwe pia kuijaribu nakala. Faili tatu zifunguliwe kutoka katika chombo cha nakala, kwenye kompyuta nyingine, na maandishi yake yasomwe. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Tahadhari hii ina maana zaidi siku hizi, kwani sokoni zimo flashi na diski bandia ambazo hujitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko ile zilizo nayo. Hupokea faili kwa utiifu, kisha zilizozidi hazifunguki.

Hapa yafaa darasa lifahamishwe pia hesabu ya ukubwa, ili lisiituhumu diski halali. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa na 465 hivi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824. Wanachuo wagawanye wenyewe: baiti 500,000,000,000 kwa 1,073,741,824. Hakuna aliyeibiwa.

Ili kueleza kufutwa kwa faili, tumezoea kutumia mfano wa maktaba ya chuo. Kufuta faili katika diski ya kuzunguka ni kama kuitoa kadi ya kitabu katika kabati la kadi: kitabu bado kimo rafuni mpaka kingine kiwekwe mahali pake. Kwa hiyo mwalimu aliyefuta kwa bahati mbaya aache mara moja kuandika chochote katika diski hiyo, kisha atafute msaada. Katika diski ya chipu mfano huu hautoshi, kwa sababu yenyewe huendelea kusafisha rafu zilizoachwa. Mara nyingi kilichofutwa humo hakipatikani tena.

Mwisho zifundishwe dalili. Diski inayougua hutoa mlio wa kugonga unaojirudia, hufungua faili kwa kusitasita, au husababisha mashine kuganda. Kila diski ya siku hizi huweka pia kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART. Programu kama CrystalDiskInfo huionyesha. Tuangalie hasa idadi ya sehemu zilizohamishwa na zile zinazongoja kuhamishwa. Idadi hizo zikiongezeka wiki hadi wiki, nakala zitolewe siku hiyohiyo. Ama diski inayogonga, mashine izimwe. Kuiwasha tena na tena ili kujaribu bahati ni kuikwangua sahani. Ushauri unaozunguka mitaani wa kuiweka katika jokofu usifuatwe. Ikitolewa hupata umande ndani.

Kipindi cha tatu: Kuchagua na kubadili

Kabla ya kununua, mwanachuo aijue mashine yake. Kompyuta mpakato nyingi za miaka kumi na mitano iliyopita hupokea diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Zilizo kongwe zaidi zina kiunganishi cha pini nyingi, nacho hakipokei diski ya SATA. Mashine za karibuni hutumia kibamba chembamba kinachochomekwa moja kwa moja katika bodi mama, navyo vibamba hivyo si vya aina moja. Njia iliyo salama ni kuitoa diski ya zamani, kuisoma lebo yake, kupima unene wake, kisha kwenda nayo dukani. Tukumbuke pia kwamba diski mpya haiponyi kila maradhi: mashine yenye ramu haba itaendelea kulemewa.

Baada ya hapo mkufunzi aandike hatua ubaoni. Hatua inayorudishika iandikwe kwa chaki nyeupe. Isiyorudishika, kwa nyekundu.

1. Kutoa nakala za faili zote muhimu na kuzijaribu. (Nyeupe)
2. Kuandika katika daftari namba ya mfululizo na ukubwa wa kila diski, na kubandika karatasi: YA ZAMANI, MPYA. (Nyeupe)
3. Kuunganisha diski mpya kwa kebo ya USB, na kunakili diski yote ya zamani kwenda katika mpya kwa programu kama Clonezilla. (Nyekundu)
4. Kuzima mashine, kuchomoa chaji na kuondoa betri. (Nyeupe)
5. Kugusa chuma kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli, kisha kufungua, kutoa diski ya zamani na kuweka mpya. (Nyeupe)
6. Kuwasha na kukagua faili. (Nyeupe)
7. Kuihifadhi diski ya zamani mwezi mmoja bila kuiandika chochote. (Nyeupe)
8. Kuifuta diski ya zamani. (Nyekundu)

Darasa litashangaa kuona kwamba hatua ya kufungua mashine, iliyokuwa ikiwatia hofu, ni nyeupe, na kwamba nyekundu ni mbili tu, zote za kubofya. Huo ndio mshangao tunaoutaka.

Katika kila hatua nyekundu wanachuo wafanye kazi wawiliwawili. Mmoja asome kwa sauti namba ya diski inayosomwa na namba ya diski itakayoandikwa, mwenziwe alinganishe na daftari, ndipo wabofye. Utaratibu huu hauongezi zaidi ya dakika moja. Mwalimu aliye peke yake nyumbani ajisomee kwa sauti, kwani jicho lililochoka huona kile linachotarajia kuona.

Hatua ya tatu ina hatari nyingine, nayo ni kukatika kwa umeme. Wanachuo wakokotoe: gigabaiti 200 zikihamishwa kwa megabaiti 40 kwa sekunde zitachukua sekunde 5,000, yaani karibu saa moja na dakika 23. Kazi hiyo isianze betri ikiwa dhaifu, wala mawingu ya radi yakiwa yameujaa mlima. Hata hivyo, umeme ukikatika katikati, diski ya zamani ilikuwa ikisomwa tu na haikuandikwa. Kazi huanzwa upya. Hapa pia mwanachuo apime mwenyewe kipi kimepotea na kipi hakikupotea.

Jambo dogo la hali ya hewa lisisahauliwe. Miezi ya Juni na Julai wengi wetu huvaa sweta za sufi kwa ajili ya baridi. Sufi ikisuguana na nguo nyingine huzaa umeme tuli ambao hauonekani, nao waweza kuua chipu. Sweta ivuliwe kabla ya kazi.

Kipindi cha nne: Matunzo ya nyumbani na kuaga diski ya zamani

Matunzo ya kila siku ni machache. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka isihamishwe ikiwa inafanya kazi, wala isitiwe mkobani kabla haijanyamaza kabisa, hasa na mwalimu anayepanda bodaboda katika barabara za mawe. Mashine isiwekwe juu ya kitanda au kitambaa, kwa sababu matundu ya hewa huzibwa na joto hupanda. Vumbi la matundu lipanguswe kwa brashi laini. Tundu dogo la kupumulia lililo juu ya diski ya kuzunguka lisibandikwe karatasi. Kompyuta ya mezani iwe na kifaa cha betri cha kuizimia kwa utaratibu umeme unapokatika. Kupanga upya vipande vya faili huisaidia diski ya kuzunguka. Katika diski ya chipu hakuna faida. Aidha, diski ya chipu isitumiwe kama sanduku la kumbukumbu la kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwa kuwa chaji zake hupungua polepole.

Ama diski ya zamani, isiuzwe wala kugawiwa kabla ya kufutwa kwa programu inayoandika juu ya sehemu zote. Tumekwisha kuona kwamba kuondoa kadi si kuondoa kitabu. Ndani ya diski hiyo mna majina ya watoto, alama zao, na pengine habari za afya na za nyumbani kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya habari kama hizo azilinde. Lakini hata isingekuwapo sheria, mzazi aliyempa mwalimu siri ya mtoto wake hakumpa atakayeinunua diski mnadani.

Kupima

Hatushauri mtihani wa kutaja sehemu za diski. Mwanachuo apewe kompyuta yenye faili za majaribio na aambiwe aibadilishie diski, huku mkufunzi akitazama bila kusema. Akianza na bisibisi kabla ya nakala, somo lirudiwe, hata kama mikono yake ni myepesi. Akitoa nakala, akaijaribu, akaandika namba, kisha akahangaika na skrubu kwa dakika ishirini, amefaulu. Wepesi wa mikono huja kwa mazoea.

Tukumbuke kwamba wanachuo hawa watawafundisha wengine. Tofauti ya kosa linalorudi na lisilorudi itawafaa katika maabara ya kemia, katika shamba la shule na katika karakana. Nasi wakufunzi tukishaizoea, hatutaona vigumu kuitumia katika maandalio ya masomo mengine.

Maswali ya majadiliano

1. Chukua somo moja la vitendo unalolifundisha. Andika hatua zake zote, kisha zitie rangi mbili. Je, muda unaoutoa kwa kila hatua unalingana na rangi yake?
2. Mwalimu mwenzako ana flashi moja tu na hana diski ya nje. Mpangie njia ya kuwa na nakala tatu za alama za darasa lake.
3. Kwa nini diski ya kuzunguka na diski ya chipu hazitunzwi kwa kanuni zilezile? Toa mifano mitatu.